Jasho na Hati ya Shamba

Mtu huthubutuje kusema, "Shamba hili ni langu"? Mmoja husema alirithi kwa babu yake. Wa pili husema alinunua. Wa tatu hufungua kasha akatoa hati yenye muhuri wa serikali. Wa nne hana babu pale, hakununua kwa mtu, na hati yake haijaandikwa bado, yeye hunyosha viganja vilivyochubuka akasema, "Nimelilima." Katika majibu haya manne, la mwisho ndilo lipendwalo kuliko yote, kwa sababu kila aliyepata kushika jembe hulielewa bila ya kufasiriwa na mwanasheria. Lakini jambo lipendwalo sana aghalabu halihojiwi, na lisilohojiwa huweza kubeba makosa mengi mgongoni bila ya mtu kuyaona.

Marekani ilipata kulitia jibu hilo la nne katika sheria. Tarehe 20 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyompa kila mkuu wa nyumba, na kila mtu aliyetimiza miaka 21, ruhusa ya kudai ekari 160 za ardhi ya serikali. Hakutakiwa awe tajiri. Hakutakiwa hata awe raia. Ilitosha atangaze nia ya kuwa raia, na asiwe amechukua silaha kupigana na serikali hiyo. Alilipa ada ndogo ya kuandikishwa, akajenga nyumba, akakaa, akalima. Ilipotimia miaka mitano alikwenda na majirani wawili wakamshuhudia, naye akapewa hati. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, siku ileile lilipotoka tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mpaka ilipofutwa mwaka wa 1976, na huko Alaska mwaka wa 1986, hati zipatazo milioni 1.6 zilikuwa zimetolewa kwa ekari kama milioni 270, karibu sehemu moja katika kumi ya nchi nzima.

Sheria hiyo ilikuwa na uzuri mkubwa, na asiyeuona uzuri wake hawezi kuupima ubaya wake. Wengi walioikimbilia walitoka Norwe, Sweden, Ujerumani na Bohemia, ambako baba zao walilima ardhi ya mabwana, wakavuna, wakagawa, wakabaki na kidogo. Kuambiwa kwamba miaka mitano ya kazi yake mwenyewe itamtosha mtu kuwa bwana wa nafsi yake kulikuwa sawa na kuambiwa kwamba dunia imeumbwa upya. Watu wasiokuwa na kitu walipewa pa kusimama, tena hawakupewa kama sadaka. Walipewa kama ujira.

Na ujira huo ulikuwa mchungu. Nyanda za Kansas, Nebraska na Dakota hazina miti ila kandokando ya mito, kwa hivyo mlowezi alijenga kwa ardhi yenyewe. Plau ilichana udongo ulioshikamana kwa mizizi ya nyasi za karne nyingi. Vipande vikakatwa kwa sepetu, vikapangwa kama matofali, upande wa nyasi chini. Nyumba hiyo ilikuwa na baridi kiangazi na joto kipupwe, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake njema. Mvua iliponyesha siku moja nje, ilinyesha siku mbili ndani. Mke alitundika shuka chini ya paa ili mchanga na wadudu visiangukie chunguni. Kuni hazikuwapo: watoto waliokota mavi makavu ya nyati na ya ng'ombe, na yalipokwisha wakasokota nyasi kavu mafundo mafundo wakazitia jikoni. Kisima kilichimbwa kwa mikono, mtu mmoja shimoni na mwingine juu akivuta ndoo ya udongo, na aliye shimoni hakuwa na hakika ya kupata maji wala ya kutoka hai.

Mwaka wa 1874 walikuja nzige wakafunika jua. Walikula ngano, walikula vitunguu wakaacha matundu ardhini, na yasimuliwa kwamba walitafuna hata mipini ya majembe kwa kufuata chumvi ya jasho lililokaukia humo. Tarehe 12 Januari 1888 kulipambazuka shwari, watoto wakaenda shule bila ya makoti mazito. Mchana dhoruba ya theluji ikaingia ghafula, mtu asiweze kuona mkono wake mwenyewe. Zaidi ya watu mia mbili walikufa, wengi wao watoto wakirudi nyumbani. Mbele ya mashaka kama hayo, ni nani mwenye moyo mgumu wa kumwambia mkulima yule kwamba shamba si lake?

Hata hivyo swali lazima liulizwe, na kulikwepa kwa huruma si kumheshimu. Mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, alikuwa amekwisha kulitafutia hoja mwishoni mwa karne ya 17. Kila mtu, alifundisha, ni mwenye mwili wake, na kwa hivyo ni mwenye kazi ya mwili wake. Akiichanganya kazi hiyo na kitu kisicho cha mtu, kitu huwa chake. Locke aliongeza sharti ambalo wafuasi wake hulisahau upesi: wenzake wabakiziwe cha kutosha na kilicho chema vilevile. Mafundisho ya sheria ya Kiislamu, ambayo pwani ya Afrika Mashariki imeyajua kwa karne nyingi, yana fikra iliyo jirani na hiyo: aihuishaye ardhi mfu huimiliki. Nayo yana sharti lake, kwamba ardhi iwe mfu kweli, isiyo na mwenyewe. Mafundisho haya mawili yamezaliwa mbali mbali, lakini yote mawili yamefunga mlango mmoja kwa komeo moja. Jasho huzaa haki mahali pasipo haki ya mtu. Hayo ndiyo mafundisho kamili. Nusu yake tu ndiyo iliyosafiri kwenda nyandani.

Je, nyanda zile zilikuwa mfu? Ramani za Wamarekani za miaka ya 1820 na baadaye ziliziita jangwa kuu. Zilipotakiwa ziliitwa bustani, na watu wenye elimu wakadai kwamba mvua hufuata plau: mlowezi akilima, mbingu zitamtii. Jangwa au bustani, katika majina yote mawili hapana mtu. Kiswahili kina neno mwenyeji, ambalo chanzo chake ni mwenye mji, na neno hilo linasema wazi kile ambacho ramani zilinyamazia. Nyanda zile zilikuwa na wenye miji wake: Waosage, Wapawnee, Waponca, Walakota, Wacheyenne na wengine wengi, na ardhi ilikuwa "ya serikali" kwa sababu tu ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwao kwa mikataba, kwa hila au kwa bunduki. Tarehe 26 Desemba 1862, siku sita kabla ya sheria ya mashamba kuanza, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa pamoja mjini Mankato, Minnesota, baada ya vita vilivyozuka pale malipo ya ardhi yao yalipocheleweshwa na njaa ilipowakamata.

Hapa yafaa kuacha mambo makubwa na kuitazama nyumba moja. Charles Ingalls hakuwa mtu mwovu. Alipenda fidla, watoto wake na safari, pengine safari kupita kiasi. Mwaka wa 1869 aliipeleka familia yake kusini mwa Kansas, akakata magogo, akajenga nyumba, akachimba kisima, akalima. Ardhi hiyo ilikuwa ya Waosage, na ilikuwa haijafunguliwa kwa walowezi. Binti yake wa tatu alizaliwa humo mwaka wa 1870. Mwaka huohuo Waosage walikubali, kwa kusongwa na walowezi kama yeye, kuiacha Kansas na kuhamia kusini. Naye Ingalls akaondoka mwaka wa 1871 bila ya hati. Binti yake wa pili, Laura, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, aliyaandika maisha hayo baadaye katika riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1935 na kusomwa duniani kote.

Familia ilikwenda Minnesota; nzige wakala mazao yake. Mtoto wa kiume alikufa. Binti mkubwa, Mary, akapofuka mwaka wa 1879. Mwaka wa 1880 Ingalls alidai shamba karibu na De Smet, Dakota, safari hii kwa kufuata sheria, na baada ya kipupwe ambacho theluji ilizuia magari ya moshi kwa miezi na watu wakasaga ngano katika vinu vya kahawa, alivumilia mpaka akapata hati mwaka wa 1886. Linganisha Kansas na Dakota. Mikono ilikuwa ileile, jasho lilikuwa lilelile, kisima kilichimbwa kwa taabu ileile. Pale pa kwanza alikuwa mvamizi, na pale pa pili mwenye shamba. Kama jasho ndilo limpalo mtu haki, tofauti hiyo ilitoka wapi? Ilitoka ofisini. Serikali ilikuwa haijamaliza kuwaondoa Waosage Kansas. Dakota ya mashariki ilikuwa imekwisha kuwaondoa wenyewe.

Wala hatuhitaji kuwatoka walowezi wenyewe ili kuona kwamba sheria haikuliamini jasho kama ilivyojidai. Mwanamke asiye na mume aliweza kudai shamba, na wengi walifanya hivyo kwa ushujaa. Mjane aliweza kuimaliza miaka ya marehemu mumewe. Bali mke, maadamu mumewe yu hai, kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Yeye alifuga kuku, akasukuma siagi, akauza mayai yaliyonunua unga mwaka ulipokosa mavuno. Alizaa pasipo mkunga, akazika pasipo kasisi. Na hati ilipokuja ilikuwa na jina moja. Caroline Ingalls alihama nyumba baada ya nyumba nyuma ya mume asiyetulia, na jasho lake halikuandikwa popote. Wala jasho la wote walioshindwa halikuandikwa. Ekari 160 zilikuwa kipimo cha nchi za mashariki zenye mvua. Mpimaji John Wesley Powell alionya mwaka wa 1878 kwamba katika nchi kavu mfugaji angehitaji ekari 2,560, na onyo lake likapuuzwa. Laura na mumewe Almanzo walilima Dakota tangu walipooana mwaka wa 1885. Ukame, madeni, maradhi, kifo cha mtoto wao wa kiume na moto ulioteketeza nyumba vikawafukuza, wakahamia Missouri mwaka wa 1894. Walitoka jasho sawasawa na jirani aliyebaki. Mvua ndiyo iliyochagua kati yao.

Kisa cha mji wa Nicodemus ni kizito zaidi. Mwaka wa 1877 watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani, walifika kaskazini magharibi mwa Kansas wakachimba mashimo ya kukaa, maana hata fedha za kujenga hawakuwa nazo. Ikiwa kuna watu duniani wenye kudai kwa haki ya jasho, ni hawa. Wazee wao walilima kwa vizazi na hawakupata ekari moja. Kanuni ya Locke, ambayo mabwana zao waliisoma na kuisifu, haikuwahusu. Sasa walipewa haki yao, ila hawakupewa katika mashamba ya mabwana waliokula jasho lao. Walipewa katika nchi ya watu wengine ambao hawakuwadhulumu kamwe. Yasimuliwa huko kwamba katika kipupwe cha kwanza, chakula kilipowaishia, wawindaji wa Kiosage waliokuwa wakirudi mawindoni waliwagawia nyama. Serikali iliwalipa waliodhulumiwa kwa mali ya waliodhulumiwa, na walipokutana, mmoja akamlisha mwenziwe.

Huambiwa kwamba wenyeji hawakulima, na kwa hivyo ardhi haikuwa na jasho lao. Hoja hii ni dhaifu mara mbili. Kwanza, kuwinda na kuhama na majira ni kazi, na ardhi ile ililiwa na kutunzwa kwa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko plau ilivyokaa juu yake. Pili, si kweli. Waponca, waliokaa pale mto Niobrara unapoingia katika Missouri, walilima mahindi, na kufikia miaka ya 1870 walikuwa na nyumba za mbao na mashamba, kama vile serikali ilivyowataka wawe. Mkataba wa 1858 uliwahakikishia mahali pao. Mwaka wa 1868 makarani wa serikali, katika mkataba mwingine na Walakota, waliitia nchi hiyo ya Waponca ndani ya nchi ya Walakota kwa makosa. Kosa hilo la karatasi halikusahihishwa. Mwaka wa 1877 Waponca walisukumwa kwa miguu, chini ya ulinzi wa askari, mpaka nchi ya joto ya kusini ambayo sasa ni Oklahoma, na huko malaria na maradhi mengine yakawaua wengi. Wahenga wa pwani husema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Waponca walikuwa na daftari, nayo mali yao ikapotea kwa daftari.

Mmoja wa wakuu wao, Standing Bear, alifiwa na mwanawe huko kusini. Kijana alikuwa amemwomba azikwe Niobrara kwa wazee wake. Januari 1879 Standing Bear aliichukua maiti, akatoka na watu wapatao thelathini, wakaenda kwa miguu katika baridi kuelekea kaskazini. Walikamatwa Nebraska. Kesi ilisikilizwa mjini Omaha mwezi wa Mei, na hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtu wa namna hiyo si mtu mbele ya sheria, hawezi hata kuomba afunguliwe. Jaji Elmer Dundy alikata shauri kwamba yu mtu, na kwamba hapana sheria iliyoruhusu kumkamata. Standing Bear akamzika mwanawe alipotaka. Fikiri kwamba mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo, mgeni aliyeshuka melini juzi aliweza kuingia katika ofisi ya ardhi na kuandikisha ekari 160, na hakuna aliyemwuliza kama yeye ni mtu. Mwenyeji naye aliruhusiwa kuandikisha tangu mwaka wa 1875, lakini kwa sharti la kuliacha kabila lake.

Basi jasho la mlowezi lilikuwa bure? La. Pwani ina desturi iwezayo kusaidia hapa. Kule mtu aweza kuwa na minazi katika ardhi ambayo si yake. Mwenye ardhi ni mmoja, mwenye miti ni mwingine, na hakuna aonaye ajabu. Aliyepanda hula nazi zake, wala mwenye ardhi hawezi kumdhulumu. Lakini hata apande minazi mia, kupanda hakuigeuzi ardhi ikawa yake. Mlowezi alikuwa na haki ya kweli juu ya kisima, nyumba, mavuno na kila kilichotoka mikononi mwake. Haki hiyo ilikuwa na nguvu juu ya benki iliyomnyang'anya kwa rehani, juu ya mlanguzi aliyejenga kibanda cha uongo ili apate hati ya uongo, na juu ya kampuni za reli zilizopewa zaidi ya ekari milioni mia bila ya kumwaga tone. Jasho hujibu vizuri swali la nani kati ya mchapakazi na mvivu. Swali la nani alikuwapo kwanza si lake, na kulitumia hapo ni kumpeleka shahidi wa kesi moja akashuhudie nyingine.

Linabaki jambo la mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya udongo, na la wajukuu wake walio hai leo. Hao hawakumfukuza mtu. Kuwaita wezi ni maneno ya hasira, na hasira haikati shauri. Walakini hawajatoka mikononi mwa haki kwa kuwa hawana hatia, kwa sababu hatia na deni ni vitu viwili. Mirathi yote ya Kiislamu yajua kwamba marehemu akifa, deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Hapana asemaye kwamba mtoto alikopa. Husemwa tu kwamba hawezi kuchukua shamba akaliacha deni la shamba. Na mwenye kudai ndiye mwenye neno kuhusu kitakachomridhisha. Mwaka wa 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba Milima Myeusi ilichukuliwa kwa Walakota bila ya haki, ikathibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Nao Walakota, walio miongoni mwa maskini wa nchi hiyo, wakazikataa fedha, maana walidai ardhi. Mtu aweza kuona kwamba uamuzi huo una gharama kubwa kwa watoto wao. Lakini aliyewahi kuuziwa shamba la babu yake bila ya kuulizwa ataelewa kwa nini bei haikuwa neno lenyewe.

Waponca walipokuwa wakisukumwa kusini mwezi wa Mei 1877, walipita karibu na mji mdogo wa walowezi uitwao Neligh, Nebraska. Mtoto mmoja wa kike wa mwaka mmoja na nusu, White Buffalo Girl, alifia hapo. Baba yake alijua kwamba hatarudi. Aliwaomba watu wa mji walitunze kaburi hilo kama wanavyotunza makaburi ya watoto wao, na wao, waliokuwa wamezika wengi, walikubali. Wamelitunza mpaka leo, kizazi baada ya kizazi. Mwaka wa 2014 mbegu za mahindi ya Waponca zilipandwa tena katika shamba moja karibu na mji huo, katika njia ileile waliyopitishwa, na mwaka wa 2018 mkulima mwenye shamba na mkewe walitia sahihi hati ya kuwarudishia Waponca sehemu ya ardhi hiyo. Kipande chenyewe ni kidogo. Hati ilisomwa mbele ya mashahidi, kama zilivyokuwa zikisomwa hati za kwanza.